Kura Zilizoandikwa Vigaeni



Nimetakiwa niseme machache juu ya masomo yangu ya miji ya Wayunani wa kale. Wengi huniuliza, yatufaa nini? Nitajibu kwa vigae.

Chuoni tulisoma kwamba katika karne ya 5 K.K. raia wa Athens waliweza kumfukuza kiongozi waliyemhofia. Kila raia alileta sokoni, katika Agora, kigae cha chungu kilichochorwa jina. Kura zikitimia 6,000, aliyetajwa zaidi alihama mji miaka 10, ila mali yake haikuguswa. Tukapewa insha: je, hayo ndiyo mamlaka ya watu? Darasa likagawanyika.

Baadaye nilisafiri mpaka Athens. Agora sasa ni uwanja wa magofu chini ya kilima cha Akropoli. Makumbusho yake yamo katika baraza ndefu ya Attalos, iliyokamilishwa kujengwa upya mwaka 1956. Humo mna vigae hivyo, na pia jiwe lenye matundu safu kwa safu, ambamo raia walichomeka vibao vya majina yao ili bahati iwachague waamuzi wa mahakama.

Lakini jambo lililonikaa moyoni ni vigae 190 vilivyofukuliwa kisimani kando ya Akropoli mwaka 1937. Karibu vyote vina jina la Themistokles, yule aliyewaongoza kuwashinda Waajemi baharini Salamis mwaka 480 K.K. Wataalamu walipochunguza mwandiko, waliona mikono 14 tu! Viliandaliwa mapema, vigawiwe watu. Iwe ni msaada kwa wasiojua kuandika, iwe ni hila, asiyejua kuandika alipokea jina lililokwisha kuchaguliwa na mwingine.

Tena wanawake, watumwa na wageni hawakuwa na kura hata moja, ingawa mji uliishi kwa jasho lao.

Basi vijana, faida ya masomo haya ni hii. Kitabu kikisema "watu waliamua", ulizeni mambo mawili: ni mkono wa nani ulioandika, na ni nani aliyenyimwa kigae? Anayejua kuuliza hivyo juu ya Athens hatashindwa kuuliza popote penye kura.