Nyumba Yangu, Ardhi ya Mwenyewe

Leo nazungumza hasa na ndugu zetu walioko Uingereza, wale walioingia huko miaka ya themanini na tisini, wakakesha wodini na kwenye maghala, na sasa wanakaribia kustaafu wakiwa na akiba yao mkononi. Kuna mlango mmoja ambao akiba hiyo inauingia, nami nimeuona kwa macho yangu.

Kiangazi kilichopita nilifuatana na dada yangu na shemeji hadi Lincolnshire, pwani ya mashariki, si mbali na mji wa Skegness. Walikwenda kutazama nyumba ya likizo katika kijiji cha mapumziko. Tulipokewa kwa chai na biskuti, tukafunguliwa mlango. Nyumba ya mbao, vyumba vitatu vya kulala, taulo zimekunjwa vitandani, jiko jipya, baraza inayotazama bwawa. Dada yangu, aliyefanya kazi ya uuguzi kwa miaka 28, alikaa barazani, akavua viatu, akanyamaza. Nilijua moyo wake umeshahamia pale. Shemeji yeye alizunguka nyuma, akainama, akachungulia kupitia upenyo wa mbao zilizozungushwa chini ya nyumba. Akaniita. Hapakuwa na msingi. Palikuwa na fremu ya chuma na magurudumu.

Sheria ya Uingereza inaihesabu nyumba ile kuwa karavani. Ili ihesabiwe hivyo, isizidi urefu wa mita 20 wala upana wa mita 6.8, isiwe na zaidi ya vipande viwili vilivyounganishwa, na iweze kung'olewa na kuhamishwa. Ndiyo maana mnunuzi halipi ushuru wa stempu, na wauzaji hawachoki kukukumbusha hilo. Lakini kwa sababu hiyo hiyo benki haikupi mkopo wa kawaida wa nyumba, na thamani yake huteremka mwaka hadi mwaka kama ya gari.

Ardhi nayo haimo katika mauzo. Unanunua nyumba, halafu unakodi mahali pa kuiweka. Watu wa Mombasa hawahitaji kufafanuliwa hili. Majengo na Kisauni ziko nyumba nyingi ambazo mwenye kuta si mwenye kiwanja. Tunaziita nyumba bila ardhi. Mimi nimekulia katika mojawapo. Namkumbuka bibi akihesabu kodi ya kiwanja, akifunga sarafu kwenye pindo la leso, na namkumbuka alivyokosa usingizi wiki ile iliposemwa kwamba mwenye ardhi anataka kuuza. Kuta zilikuwa zake, mabati yalikuwa yake, na bado hakulala.

Kule Lincolnshire ada ya kiwanja huwa maelfu ya pauni kila mwaka, na hupanda. Kinachokulinda ni karatasi moja tu, mkataba wa leseni ya kiwanja, wenye idadi yake ya miaka. Miaka ikiisha, ukitaka kubaki ni lazima mwenye kijiji akubali. Ukitaka kuuza kabla ya hapo, mikataba mingi humpa yeye kamisheni, na asilimia 15 si jambo la ajabu. Ukiona bora uing'oe uende nayo, utagundua kwamba sehemu kubwa ya fedha uliyolipa ilikuwa ni ya mahali iliposimama, na mahali hapabebeki.

Sasa nifike kwenye linalonitia hofu zaidi. Viko vijiji vya aina mbili, na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Kimoja kina kibali cha makazi ya kudumu. Mwenye nyumba humo analindwa na Sheria ya Nyumba za Kuhamishika ya mwaka 1983: haondolewi bila amri ya chombo cha sheria, na kamisheni ya mauzo haivuki asilimia 10. Kingine kina kibali cha likizo tu, na ulinzi huo haukigusi. Hiki cha pili ndicho kinachopambwa kwa maneno matamu. Utaambiwa kiko wazi miezi 12. Utaambiwa majirani wanaishi pale mwaka mzima na hakuna anayewauliza. Msikilizaji, lango kuwa wazi miezi 12 si ruhusa ya kuishi miezi 12. Mkataba wa likizo hukutaka uwe na makao yako halisi kwingine, na unaweza kudaiwa ushahidi, kwa mfano hati ya kodi ya halmashauri ya nyumba hiyo nyingine. Aliyeuza nyumba yake ya Leicester au Reading ili ahamie huko atatoa hati gani? Amevunja mkataba tangu siku ya kwanza, na leseni yake yaweza kufutwa akiwa na miaka 70.

Sisemi nyumba za likizo ni haramu. Mwenye kipato cha ziada, anayetaka mahali pa wajukuu kucheza wakati wa likizo za shule, na ambaye ameshajiambia kwamba fedha ile hairudi, anunue na afurahi. Ninachokikataa ni mtu kuuziwa likizo akidhani amenunua uzee wake.

Dada yangu aliomba nakala ya mkataba akaisome nyumbani na wakili. Akajibiwa kwamba bei ile ni ya siku ile tu. Alivaa viatu vyake, tukaondoka. Ndani ya gari hakusema neno mpaka tulipofika barabara kuu, na sikumlaumu, kwa sababu baraza ile ilikuwa nzuri kweli.

Nawaombeni, ndugu zangu. Msilipe hata amana kabla ya kuusoma mkataba wa kiwanja pamoja na wakili mliyemchagua wenyewe, si yule mliyependekezewa na muuzaji. Nendeni halmashauri ya eneo lile mkaulize kijiji kina kibali gani; kwa sheria ya mwaka 1960, halmashauri hutunza daftari la leseni za viwanja vya karavani, na mtu yeyote ana haki ya kulitazama. Na ile nyumba yenu ya mjini, msiiuze.