Mla Rushwa Mkubwa Naye Afikiwe na Sheria

(Maneno ya Katibu Mwenezi kwa wanachama wa Mtendeni, Tabora)



Sisi watu wa Tabora twalijua neno hongo tangu enzi za misafara. Waliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji walipita hapa Unyanyembe, na njiani watemi waliwatoza hongo: nguo, shanga, waya. Mtemi alitaja kiasi, mkuu wa msafara akabisha, wakapatana mchana kweupe, njia ikafunguliwa. Hongo ile ilikuwa ushuru. Nchi ilikuwa na mwenyewe, na mpita njia alilipa ili apite salama na apate maji.

Je, hongo ya leo ni nini? Karani anayetaka chochote ndipo akupe hati yako. Mpimaji anayepunja uzito wa tumbaku ya mkulima mpaka apewe kitu kidogo. Hao wanauza nini? Wanauza kisicho chao. Mshahara wao umekwisha kulipwa kwa kodi yako. Wewe unalipa mara mbili, na mara ya pili unalipa gizani. Na yule asiye na cha kutoa, haki yake imekwenda.

Wapo wasemao, “Tutungiwe sheria kali.” Ndugu zangu, sheria hatukukosa. Mwaka 1960 Mwalimu Nyerere aliliambia Baraza la Kutunga Sheria kwamba rushwa yafaa ikabiliwe kwa ukali unaokaribia ule wa uhaini. Kila mwana TANU aliahidi kutoipokea wala kuitoa. Mwaka 1963 ikaja sheria ya adhabu za chini kabisa: mla rushwa miaka 2 gerezani na viboko 24, na hakimu hakuachiwa nafasi kubwa ya kumhurumia. Mwaka 1971 ikaja Sheria ya Kuzuia Rushwa, na mwaka 1975 kikosi maalum, ambacho ndicho mzazi wa TAKUKURU iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007.

Pamoja na hayo yote, mwaka 1996 Tume ya Jaji Warioba, iliyoundwa na Rais Mkapa, ilikuta rushwa imetapakaa. Ilikuta walaji wadogo ambao mshahara hauwatoshi, na walaji wakubwa wanaosukumwa na tamaa tu. Funzo lake nini? Kiboko hakimtishi mtu anayeamini kuwa hatakamatwa. Na anayeamini hivyo zaidi ni mkubwa, kwa sababu ameona dagaa wakivuliwa na papa wakipita.

Lakini papa huvulika. Basil Mramba na Daniel Yona walikuwa mawaziri. Novemba 2008 walishtakiwa kwa matumizi mabaya ya madaraka, na Julai 2015 Mahakama ya Kisutu ikawahukumu kifungo cha miaka 3. Taifa likaona kuwa waziri naye husimama kizimbani. Hilo ni jambo kubwa, wala tusilidharau. Ila hesabuni wenyewe: kesi moja, karibu miaka 7! Na Februari 2016 kifungo hicho kikageuzwa kuwa kazi za jamii. Adhabu hiyo imo katika sheria, sibishi. Nauliza tu: karani mdogo wa wilayani naye huipata kwa wepesi huo huo?

Basi twataka mambo matatu.

Kwanza, kesi ziende mbio. Tangu mwaka 2016 Mahakama Kuu inayo Divisheni ya Rushwa na Uhujumu Uchumi. Lakini Sheria ya 2007 iliweka kwamba makosa mengi ya rushwa yahitaji kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka kabla ya kufikishwa mahakamani. Kibali hicho kitolewe au kikataliwe kwa siku zinazohesabika na kwa sababu zilizoandikwa. Jalada lisilale kwenye kabati mpaka mashahidi wafe.

Pili, shahidi alindwe. Sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi ipo tangu mwaka 2015. Mkulima aliyemtaja mkubwa wake, kisha akanyimwa mbolea msimu unaofuata, atawafundisha majirani zake wote kunyamaza. Anayemlipizia kisasi shahidi ashtakiwe naye.

Tatu, na hili latuhusu sisi tuliokaa hapa. Sheria ya rushwa humkamata mpokeaji na mtoaji pia. Twamlaani karani barazani, asubuhi twampelekea bahasha. Tukifanya hivyo, tunamlipa mshahara wa pili! Ukiombwa, usitoe, andika jina, siku na mahali, upeleke TAKUKURU. Ukiogopa kwenda peke yako, nendeni watano.

Wazee wetu walimlipa mtemi mwenye nchi. Leo mwenye nchi ni mwananchi. Haifai mwenye nchi alipe hongo ili apite katika nchi yake mwenyewe.