Spidi Gavana Haikatwi, Inatengenezwa



Matatu ya kikundi chetu ilianza kukosa nguvu. Ikifika kilomita 40 kwa saa inashikwa, kana kwamba imefika 80, kiwango cha matatu tangu sheria ya Februari 2004. Dereva akasema, "Tukate waya, pesa inapotea." Kusema kweli wengi wetu tulikubali, maana mkopo ulikuwa unatudai.

Mama mmoja akauliza, "Na ikikimbia mpaka ndani ya foleni ya malori pale Malaba, mtanizikia mtoto?" Tukanyamaza.

Tukamwita fundi. Yeye hakuanza kwa kukata. Aliangalia filta ya dizeli: safi. Fyuzi: nzima. Kisha akafuata waya wa sensa ya mwendo kutoka kwenye giaboksi. Mahali uliposuguana na chuma ulikuwa umechubuka, maji yameingia, kutu imeshika. Kumbe gavana ilikuwa inadanganywa! Akasafisha, akaunga upya, akafunga tepu. Tukaijaribu barabarani: ikapanda hadi 80, ikatulia hapo.

Basi ndugu, kitu kikiharibika tutafute chanzo kwanza. Tusikate kinachotulinda.