Sakafu Tunayoikanyaga

Wasikilizaji, wiki hii tuinamishe macho. Mji Mkongwe tunausifu kwa milango, sakafu tunaikanyaga tu. Yale maua na nyota katika baadhi ya majengo ya zamani ni vigae vya saruji, havikuchomwa tanuri hata kidogo. Fundi huweka kalibu, humimina saruji laini, kila rangi kichumba chake, huondoa kalibu, huongeza saruji na mchanga, kisha hushindilia kwa mashine. Rangi ina unene wa milimita kadhaa, ndiyo maana nyayo za miaka mingi haziifuti.

Tunaoifuta ni sisi wenyewe. Tindikali ya kusafishia vyoo huila saruji. Na vigae viwili vitatu vikipasuka, hung'olewa chumba kizima vitandikwe vya kung'aa, ambavyo mvua ikiingia ni utelezi mtupu (nimeanguka mara mbili, msinicheke).

Beit el Ajaib ilipoporomoka Desemba 25, 2020, watu wawili wakafa, sote tulisikitika. Sakafu huondoka kimya kimya, kwa toroli, saa za kazi. Wanaosimamia ukarabati wa majengo ya umma nawauliza: vile vizima vilivyong'olewa mmeviweka wapi? Vingetosha kuziba mapengo ya chumba cha pili.