Karatasi Yenye Siku Yake Haikosi Msomaji
(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Nimeombwa niseme juu ya taarifa ambazo vyama huwapelekea wanachama, ziwe ni jarida, karatasi ya mwezi au tangazo la ubaoni. Makatibu wengi hulalamika kwamba wanachama hawasomi. Kabla ya kumlaumu msomaji, hapana budi tujiulize: je, taarifa zetu hutoka siku gani?

Mkaguzi afikapo chamani, aghalabu huuona ubao wa matangazo kabla ya leja kufunguliwa. Pale ambapo karatasi mpya hubandikwa kila mwisho wa mwezi, wakulima husimama wakasoma. Pale ambapo karatasi ni ile ile ya msimu uliopita, iliyopauka kwa jua, watu huupita ubao kama ukuta mtupu. Wakulima ni wale wale. Tofauti ni mazoea. Gulio la Jumamosi hujaa kwa sababu kila mtu aijua siku yake. Likianza kuhamahama, watu watakaa nyumbani hata siku ambayo bidhaa ni tele.

Jambo hili si geni. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwezi wa Januari 1923, lilitoka kila mwezi kwa miaka mingi. Wasomaji walilipelekea habari za miji yao na mashairi, wakajibizana humo. Majibizano ya namna hiyo hayawezekani katika gazeti ambalo siku yake haijulikani, kwa maana muulizaji husahau swali lake kabla ya jibu kufika. Kadhalika wanaushirika wa Uingereza walipoanzisha gazeti lao, The Co-operative News, huko Manchester mwaka 1871, walilitoa kila juma.

Ndugu zangu, habari za ushirika huoza upesi. Taarifa ya malipo ya pili ikichelewa, mkulima hakai bila habari. Huipata kijiweni au kwa mlanguzi, ambaye humwambia kwamba chama kimekwisha kula fedha. Karatasi yenu itokapo baadaye, hata ikiwa na ukweli mtupu, husomwa kama utetezi. Wakati huo mazao yamekwisha kuuzwa usiku, na mkopo wa pembejeo umebaki bila wa kuulipa.

Kwa hiyo mwezi wa kumpima katibu ni ule wenye habari mbaya. Hapo ndipo wengi hunyamaza, wakingoja fedha zifike. La hasha! Toeni karatasi siku ile ile, mseme: malipo hayajafika, sababu ni hii, na tunafuatilia mahali fulani. Msomaji aliyepewa habari mbaya kwa wakati wake ataiamini habari njema itakapokuja.

Mtasema kazi ni nyingi. Kurasa 2 kila mwezi ni kurasa 24 kwa mwaka, sawa na kitabu kinene kinachogawiwa mara moja kwenye mkutano mkuu, ambacho wengi hukikunja na kukitia mfukoni. Lakini msiahidi kila mwezi ikiwa uwezo wenu ni kila miezi mitatu. Ahadi ni deni. Chagueni siku, kwa mfano siku ya tatu baada ya kikao cha bodi, na wawepo watu wawili waijuao kazi hiyo, ili mmoja akiugua karatasi isiugue naye.

Wala siku peke yake haitoshi. Karatasi iliyojaa salamu za viongozi itachosha hata ikitoka kwa wakati. Andikeni kilo zilizopokelewa, fedha zilizolipwa na zinazodaiwa, na maswali ya wanachama pamoja na majibu yake.

Mkifanya hivyo kwa msimu mzima, mtaona mwanachama akija chamani kuidai karatasi yake. Huyo ndiye atakayekuja pia kwenye mkutano mkuu akiwa na swali la maana.