Vifaa Vitatu vya Kulinda Mtungi wa Gesi



Gesi ya kupikia haina moshi kama kuni na makaa, lakini usalama wake unategemea vifaa vitatu.

Cha kwanza ni vali iliyo juu ya mtungi. Ifungeni kila mnapomaliza kupika. Joto letu huongeza shinikizo ndani ya mtungi, kwa hivyo uwekeni kivulini, penye hewa. Mtungi hujazwa takriban asilimia 80 tu ili gesi ipate nafasi ya kutanuka. Anayejaza kichochoroni huenda asiiache nafasi hiyo. Usiku wa Februari 1, 2024, moto wa gesi katika kituo kisicho na leseni huko Embakasi, Nairobi, uliua watu na kujeruhi mamia. Nunueni kwa muuzaji mwenye leseni ya EPRA.

Cha pili ni regyuleta, inayopunguza shinikizo kabla gesi haijafika jikoni. Mtungi wa kilo 6 wenye jiko juu yake kwa kawaida hauna regyuleta, hivyo usiachwe bila mtu.

Cha tatu ni mpira. Ukipasuka, ubadilisheni; msiufunge kwa tepu. Pakeni povu la sabuni kwenye maungio: likitoa mapovu, gesi inavuja. Msipime kwa kiberiti.

Gesi ni nzito kuliko hewa, hutanda sakafuni. Mkisikia harufu yake, fungeni vali, fungueni milango, msiguse swichi yoyote, na mtoke nje pamoja na watoto.