Takwimu za Mwanzo wa Msimu wa Riadha na Yale Zisiyoyaonyesha

Mada kwa warsha ya walimu wa michezo na makocha wa riadha, Wilaya za Mbulu na Hanang



Utangulizi na maana ya maneno

Nimeombwa nizungumzie matumizi ya takwimu katika kuibua vipaji vya riadha. Maana za maneno nitazipitia haraka, kwa kuwa humu ndani hakuna asiyezijua. Takwimu ya riadha ni muda, umbali au urefu uliopimwa na kuandikwa. Kiwango ni muda unaomfungulia mkimbiaji mlango wa mashindano fulani. Msimu, kwa shule zetu, huanza Januari na kuelekea michezo ya shule za msingi (UMITASHUMTA) na ya sekondari (UMISSETA) katikati ya mwaka. Kwa wakimbiaji wa barabarani huanza na Kilimanjaro Marathon kule Moshi, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Hayo yanatosha.

Karatasi za Februari na Machi

Kinachonisumbua ni zile orodha za mwanzo wa msimu. Kila mwaka inatoka karatasi inayosema kijana wa sekondari amekimbia mita 10,000 kwa dakika 30 kamili. Simu zinaanza kupigwa, picha ya karatasi inazunguka, watu wanaojiita mawakala wanaulizia nyumbani kwao. Ikifika Juni, kijana yuleyule anakimbia uwanja uliopimwa mbele ya waamuzi wenye saa, anamaliza nyuma ya wenzake, na watu wanasema amelewa sifa. Hakulewa sifa. Karatasi ndiyo iliyosema uongo.

Jambo hili halituhusu sisi peke yetu. Wamarekani wana mchezo wa besiboli, na wanazitunza takwimu zake kuliko mchezo mwingine wowote. Tarehe 4 Aprili 1994, siku ya kwanza ya msimu, Tuffy Rhodes wa timu ya Chicago Cubs aliupiga mpira nje ya uwanja mara 3 katika mechi moja. Msimu ulipokwisha alikuwa na mipigo ya namna hiyo 8 tu. Mipigo ile 3 ilikuwa ya kweli, ilihesabiwa sawasawa, na bado haikuonyesha mwaka wake ungekuwaje. Ikiwa takwimu sahihi ya siku moja inapotosha kiasi hicho, hii yetu ambayo hata umbali wake hatuujui itatufikisha wapi?

Hata ndani ya mbio moja mambo ni hayohayo. Kwenye marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Brisbane 1982, Gidamis Shahanga wa Hanang na Juma Ikangaa waliwaacha wenzao mapema, na aliyetazama saa katikati ya safari alikuwa na haki ya kuandika dhahabu ya Tanzania. Robert de Castella wa Australia aliwafuata taratibu akashinda kwa saa 2:09:18. Ikangaa alikuwa wa pili kwa 2:09:30. Shahanga, aliyeshinda marathoni hiyohiyo Edmonton mwaka 1978, aliishia nyuma yao. Siku chache kabla, kwenye michezo hiyo ya Brisbane, alikuwa ameshinda mita 10,000. Uchovu wa mbio ile haukuwa na safu yake kwenye karatasi ya muda.

Umbali: tatizo ambalo halijapata mwenyewe

Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo penye kiini. Uwanja wa riadha una mita 400 kwa mzunguko. Viwanja vyetu vingi ni nyasi na udongo, vimepimwa kwa hatua za mwalimu au kwa kamba. Kamba ya katani ikilowa hufupika, nasi tunapima viwanja Januari na Februari, mvua zikiwa juu. Kamba ikifupika, uwanja nao unafupika. Kona hazina bendera, na mkimbiaji mwenye akili atakata ndani. Tuseme mzunguko umepungua mita 10 tu. Kwa mizunguko 25 zimepotea mita 250. Kwa mwendo wake wa zaidi kidogo ya dakika 3 kwa kilomita, hizo ni sekunde 46. Kijana wa dakika 30 kamili ni kijana wa karibu dakika 30 na sekunde 46. Kati ya nyakati hizo mbili kuna wakimbiaji wengi sana.

Barabarani hali ni mbaya zaidi. Njia inapimwa kwa bodaboda, na kipima mwendo chake hubadili hesabu kadiri tairi linavyolika au kubadilishwa. Wengine wanapima kwa simu, ambayo hukisia kona. Utaratibu wa kimataifa ni baiskeli iliyosawazishwa kwa futikamba ya chuma, na mpimaji huongeza mita 1 kwa kila kilomita ili njia isije ikapungua. Muda wa barabarani hauingii kwenye rekodi kama mwisho wa njia umeshuka zaidi ya mita 1 kwa kila kilomita kutoka mahali pa kuanzia. Mbio za kilomita 10 zinaruhusiwa kushuka mita 10. Anayeijua barabara ya Mlima Magara anajua kwamba haihitaji hata kilomita moja kumaliza ruhusa hiyo. Boston yenyewe, pamoja na heshima yake yote, haihesabiwi kwa rekodi ya dunia kwa sababu ya mteremko na umbo la njia yake.

Kisha kuna saa. Mwalimu mmoja, simu moja, wakimbiaji watatu wanaingia pamoja. Nendeni mkazitazame karatasi: 4:21, 4:21, 4:21, kwa kuwa kidole kilibonyeza mara moja. Filimbi ikipigwa upande wa pili wa uwanja, sauti humfikia mshika saa baada ya karibu theluthi moja ya sekunde. Ndiyo maana mshika saa hufundishwa kufuata moshi wa bastola kwa macho, au mkono ukishuka, asisubiri mlio.

Nimeziandikia mamlaka zaidi ya moja kuhusu jambo hili, na majibu yamekuwa ya heshima: limepokelewa, linafanyiwa kazi. Sina nia ya kumnyooshea mtu kidole. Bajeti za michezo tunazijua, na halmashauri zina madarasa ya kujenga. Lakini futikamba ya chuma si jengo.

Nani hayumo kwenye orodha

La kwanza ni mwinuko. Mji wa Mbulu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Moshi iko chini ya mita 1,000. Mbio ndefu za huku juu huwa nzito kwa sababu hewa ni nyepesi. Kulinganisha orodha ya Mbulu na ya Moshi mstari kwa mstari ni kumwonea mtoto wa Mbulu.

La pili ni shamba. Miezi tunayoandika orodha ndiyo miezi ya palizi ya mahindi na maharage. Mtoto ameshika jembe tangu alfajiri, mwingine amefuata ng'ombe upande wa Basotu, msichana ameteka maji kabla ya kuja uwanjani. Anakimbia amechoka, anaandikwa wa kumi na moja, na kambi inachukua wanane. Tumepima nani amelima, tukaandika nani anakimbia. Na mwaka 2024, baada ya maporomoko ya tope yaliyoikumba Katesh Desemba 2023, muda wa mtoto wa pale ungesomwaje kwa haki bila kujua alikotoka?

La tatu ni subira. Gabriel Geay, mzaliwa wa Tumati hapa Mbulu, alikimbia marathoni ya Valencia Desemba 2022 kwa saa 2:03:00, rekodi ya taifa. Alphonce Simbu wa jirani zetu Singida, muda wake bora hadi mwaka 2025 uliuzidi huo kwa zaidi ya dakika moja na nusu. Mwaka 2025 dunia ilikuwa na makumi ya watu wenye muda mzuri kuliko wa Simbu. Mwezi Septemba, Tokyo, akawa bingwa wa dunia kwa 2:09:48, akimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu 3 za mia za sekunde. Alikuwa wa tano Rio 2016 na wa tatu duniani London 2017. Miaka hiyo yote ya kurudi na kurudi haionekani kwenye orodha ya muda bora.

Wala sisemi kila muda wa mapema ni wa kutiliwa shaka. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu iliyokuwa sehemu ya Mbulu, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Uwanja ulikuwa umepimwa, waamuzi walikuwapo, na John Walker aliyekuwa nyuma yake naye alikuwa ndani ya rekodi ya zamani. Muda ule ulikuwa na mashahidi.

Mapendekezo

Kila halmashauri inunue futikamba ya chuma ya mita 50 au 100 na kuizungusha shuleni Januari, kabla ya mashindano ya kwanza. Viwanja vipimwe na watu wawili, na kona ziwekwe bendera. Njia za barabarani zipimwe kwa baiskeli; Shirikisho la Riadha Tanzania liombwe mpimaji wa kutufundishia vijana wetu wawili au watatu, wabaki hapahapa wilayani.

Kila karatasi iandike mahali, urefu wa mzunguko, aliyepima, hali ya uwanja, na kama saa ilikuwa ya mkono. Washika saa wawe watatu kwa mshindi. Umri uthibitishwe kwa cheti cha kuzaliwa, si kwa kumtazama mtoto usoni.

Kambi isichaguliwe kwa mbio moja ya Februari. Mtoto apimwe tena Aprili na Mei, palizi ikiisha, na aliyeachwa mwanzoni aruhusiwe kurudi. Wazazi waelezwe kwamba muda wa mwanzo wa msimu si mkataba, na wasisaini karatasi ya wakala yeyote bila afisa michezo na chama cha riadha cha mkoa kuiona. Narudia la viwanja kwa sababu yote mengine yanasimama juu yake: vipimwe.

Mwisho, Mwenyekiti, naomba warsha hii itoe azimio moja kabla hatujatawanyika: kuanzia msimu ujao, orodha yoyote ya muda itakayofika mezani kwa maafisa michezo wa Mbulu na Hanang bila kutaja umbali uliopimwa na jina la aliyepima, irudishwe shule ilikotoka.